Maswali ya Mwanafunzi wa Kiingereza na Majibu ya Vitabu: Uhakiki kwa Upande wa Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, maswali yale yale hurudi katika madarasa ya Kiingereza ya Lubumbashi. Kwa nini haisemwi "the life is hard", hali Kifaransa husema "la vie est dure"? Kwa nini "I have seen him yesterday" ni kosa, na "I have seen him" peke yake si kosa? Kuna tofauti gani kati ya "say" na "tell"? Kwa nini ukanusho uhitaji "do", na kwa nini kitenzi kinachofuata "did" kipoteze alama yake ya wakati uliopita? Mtu akiulizwa "haven't you eaten?", naye hajala, ajibu "yes" au "no"? Mwalimu mzoefu huyajua maswali haya kabla hayajaulizwa, na mara nyingi jibu lake hutangulia mwisho wa swali: ndivyo Waingereza wasemavyo.

Jibu hilo si la uongo, lakini halimfikishi mtu popote. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na isimu ya leo inawaunga mkono. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini" anaonyesha kwamba tayari ana mpango wa lugha kichwani mwake, na kwamba mpango huo umegongana na ule wa Kiingereza. Kumjibu ni kutambua kwanza ni mpango gani umegongana na upi.

Makala haya yanachunguza vitabu vitatu vinavyojulikana sana na walimu wa Kiingereza ulimwenguni: English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotolewa mara ya kwanza na Cambridge University Press mwaka 1985, Practical English Usage cha Michael Swan, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1980, na Learner English, kilichohaririwa na Michael Swan pamoja na Bernard Smith, cha mwaka 1987, kikapata toleo la pili mwaka 2001. Vyote vitatu ni vitabu vyema, na anayevibeza hajavitumia. Hata hivyo, inadaiwa hapa kwamba hakuna hata kimoja kinachomwona mwanafunzi wa Kongo akiwa mzima, yaani mtu mwenye Kiswahili kinywani na Kifaransa daftarini. Inadaiwa pia kwamba Kiswahili, ambacho mara nyingi huachwa mlangoni mwa darasa la Kiingereza, kina majibu ya maswali kadhaa ambayo Kifaransa hakiwezi kuyajibu.

2. Vitabu vitatu na namna vinavyojibu

Kitabu cha Murphy kimepangwa kwa mafunzo mafupi ya kurasa mbili mbili: ukurasa wa kushoto una maelezo na mifano, ukurasa wa kulia una mazoezi. Mpango huu ndio nguvu yake. Mwanafunzi asiye na mwalimu aweza kujifunza jambo moja jioni moja, akajisahihisha mwenyewe. Maelezo ni machache, mifano ni mingi, na istilahi za sarufi zimepunguzwa. Lakini toleo lake la kimataifa limeandikwa kwa ajili ya watu wote, na kwa sababu hiyo haliwezi kumwambia mtu yeyote kwa nini yeye hasa anakosea. Linaeleza vizuri umbo fulani linatumika lini. Halielezi kwa nini msomaji wake alikuwa tayari kutumia umbo jingine.

Kitabu cha Swan ni cha namna nyingine. Katika matoleo yake matatu ya kwanza kilipangwa kwa alfabeti, kama kamusi, hata mwanafunzi aliyetatizwa na neno fulani alilitafuta neno lenyewe bila kujua kwanza linaingia katika sura gani ya sarufi. Ni kitabu kilichopangwa kwa kufuata swali la mwulizaji kuliko utaratibu wa mwanasarufi. Toleo la nne la mwaka 2016 liliuacha mpango huo, likapanga mambo kwa mada za sarufi na kuweka maneno katika sehemu yake. Mabadiliko hayo yalimpendeza mwalimu anayetayarisha somo, lakini kwa mwanafunzi anayesumbuliwa na neno moja usiku wa kuamkia mtihani, njia ya zamani ilikuwa fupi zaidi. Katika matoleo yote Swan ana sifa moja adimu: hajidai kwamba kanuni ni kamili kama si kamili. Anasema "kwa kawaida" pale inapofaa kusemwa hivyo.

Kitabu cha tatu ndicho kinachohusu zaidi hoja hii. Learner English hakipangi Kiingereza, kinapanga wanafunzi. Kila sura inahusu wasemaji wa lugha fulani au kundi la lugha, na inaeleza makosa yao ya matamshi, ya sarufi na ya msamiati, pamoja na chanzo chake katika lugha yao. Imo sura juu ya wasemaji wa Kifaransa, na imo sura juu ya wasemaji wa Kiswahili. Kuwepo kwa sura hiyo ya pili katika kitabu chenye kusomwa duniani kote ni heshima kwa lugha hii, na ni msaada kwa walimu.

Msingi wa kitabu hicho una historia yake. Mwaka 1957 Robert Lado, katika Linguistics Across Cultures, alifundisha kwamba ukilinganisha lugha ya mwanafunzi na lugha anayojifunza, waweza kutabiri mahali pa ugumu na mahali pa wepesi. Mwaka 1967 Pit Corder aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi si takataka ya kufagiliwa bali ni ushahidi wa njia anayopita katika kujifunza. Mwaka 1972 Larry Selinker aliipa jina lugha ile ya katikati ambayo mwanafunzi huijenga, isiyo lugha yake ya kwanza wala si lugha anayoilenga. Tangu hapo hakuna mwanaisimu anayesema kwamba kila kosa linatoka katika lugha ya mama. Lakini hakuna pia anayesema kwamba lugha ya mama haina neno katika shauri hili.

3. Mwanafunzi aliye kati ya sura mbili

Tatizo linajitokeza pale mwalimu wa Lubumbashi anapofungua Learner English na kutafuta wanafunzi wake. Wako katika sura gani? Akisoma sura ya Kiswahili atakuta watu wanaofanana nao kwa nusu. Akisoma sura ya Kifaransa atakuta nusu ya pili. Mpango wa kitabu ni wa lugha moja kwa sura moja, na mpango huo hauna chumba cha mtu aliyelelewa kwa lugha moja na kusomeshwa kwa nyingine.

Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa, Kiingereza ni lugha ya pili shuleni, nacho kinakutana na Kiswahili uso kwa uso. Kwa mwanafunzi wa Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Ciluba, lakini lugha rasmi na lugha ya elimu ya juu ni Kifaransa. Kiingereza humfikia akiwa tayari amezoea kwa miaka mingi kufikiri kwa Kifaransa kila anaposhika kalamu. Ndiyo maana watu wawili wenye lugha moja ya kwanza waweza kufanya makosa ya kupingana.

Mfano wa kineno "the" unatosha. Kiswahili hakina kineno cha namna hiyo. Mtu anayetoka Kiswahilini moja kwa moja huelekea kukiacha: "I bought book". Kifaransa kina vineno hivyo, tena huvitumia hata mahali ambapo Kiingereza hakivitumii: "la vie", "l'amour", "la nature". Mwanafunzi wa Kongo aliyepita Kifaransani haelekei kuacha. Huelekea kuzidisha: "the life is hard", "the love is blind". Mwalimu anayeamini kwamba wasemaji wa Kiswahili huacha vineno atamwongezea dawa mtu ambaye tatizo lake ni kuzidisha. Kosa la utambuzi linazaa kosa la tiba.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "lugha ya mwanafunzi ni ipi?" bali "katika jambo hili, ni lugha ipi kati ya zake inayomwongoza, na ni ipi ambayo ingemwongoza vizuri zaidi?" Maswali ya kawaida yakipangwa kwa kipimo hicho, yanagawanyika katika makundi manne.

4. Makundi manne ya maswali

4.1. Pale Kifaransa kinapopotosha na Kiswahili kinapofungua

Kundi hili ndilo lenye utajiri mkubwa, na ndilo lililosahauliwa zaidi. Swali la "I have seen" na "I saw" liko hapa. Mlinganyo ulio rahisi kuandikwa ubaoni ni kwamba umbo la kwanza ni sawa na passé composé ya Kifaransa. Kwa sura ni kweli, kwa maana si kweli. "Je l'ai vu" husemwa pamoja na "hier" bila tatizo lolote, na kwa hiyo mwanafunzi huandika "I have seen him yesterday" akiwa na dhamiri safi. Kifaransa cha mazungumzo kimeacha kutenganisha kwa umbo la kitenzi tendo lililowekwa katika siku yake na tendo linalotazamwa kutoka sasa.

Kiswahili sanifu hakijaacha. "Nilimwona jana" inaliweka tendo mahali pake katika wakati uliopita. "Nimemwona" inasema jambo juu ya sasa: kuonana kumekwisha kutokea, na matokeo yake yapo. Ukanusho unaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi. "Hakufika" ni "he did not arrive". "Hajafika" ni "he has not arrived", na ndani yake mna tumaini kwamba aweza kufika. Kifaransa husema "il n'est pas arrivé" kwa yote mawili. Mwanafunzi anayejua kwamba hawezi kuripoti ajali ya mwaka jana kwa kusema "abiria hawajapona" tayari anajua somo ambalo vitabu vya Kiingereza hulieleza kwa kurasa nyingi.

Ufunguo huu una mipaka yake, na mwalimu mwaminifu ataitaja. Vitenzi vya hali havifuati: "amelala" ni "he is asleep", "amevaa" ni "he is wearing", "nimechoka" ni "I am tired". Hapo kiambishi "-me-" kinaonyesha hali iliyopo, na Kiingereza kinatumia njia nyingine. Lakini hata mpaka huo unafundisha jambo, kwa sababu unamthibitishia mwanafunzi kwamba "-me-" inaitazama sasa.

"Say" na "tell" ni mfano wa pili. Kifaransa kina "dire" tu, na hivyo mwanafunzi huandika "he said me". Kiswahili kina "sema" na "ambia". Hakuna msemaji wa Kiswahili anayetamka "alisema mimi" akikusudia "aliniambia". Kitenzi "ambia" hudai mtu anayeambiwa, na alama ya mtu huyo huingia ndani ya kitenzi chenyewe. "Tell" nayo kwa kawaida hudai mtu. Sentensi moja ya Kiswahili inatosha kulifunga swali hili: palipo na "ambia", weka "tell", palipo na "sema", weka "say". Vivyo hivyo kwa "learn" na "teach". Kifaransa huweza kutumia "apprendre" kwa yote mawili, hali Kiswahili hutenga "jifunza" na "fundisha".

Mfano wa tatu ni kauli ya kutendwa. "I was given a book" humshangaza aliyezoea Kifaransa, kwa sababu Kifaransa hakimruhusu mpokeaji kuwa kiima cha kitenzi "donner" katika kauli hiyo. Husema "on m'a donné un livre". Kiswahili kinasema "nilipewa kitabu" tangu zamani, na "niliambiwa" kwa "I was told", na "niliulizwa" kwa "I was asked". Mwanafunzi anaelekezwa kuzunguka mlima kwa njia ya Kifaransa, hali mlango uko wazi upande wa nyumbani kwake.

Mfano wa nne ni ukanusho wa "did". Mwanafunzi anayeandika "I did not went" anataka kuweka alama ya wakati mara mbili. Atazame "sikusoma". Wakati uliopita na ukanusho vyote vimekwisha kubebwa na "siku-", na "soma" imebaki tupu. Hakuna anayeongeza alama nyingine ya wakati juu ya "soma", kwa sababu kazi imekwisha kufanywa mbele yake. "Did not" ndiyo "siku-", na "read" ndiyo "soma". Mlinganisho huu hauelezi historia ya "do" katika Kiingereza, ambayo ni ndefu, wala hauhitaji kuieleza. Unaeleza kwa nini kitenzi kinachofuata ni kitupu, na hilo ndilo lililoulizwa.

4.2. Pale Kiswahili kinapopotosha na Kifaransa kinaposaidia

Haki inadai upande wa pili usemwe pia. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili "hujala?", naye hajala, aweza kujibu "ndiyo", maana yake "ndiyo, ni kama usemavyo". Jibu linafuata maneno ya mwulizaji. Katika Kiingereza jibu linafuata hali yenyewe: hajala, basi ni "no, I haven't". Msemaji wa Kiswahili anayejibu "yes" huonekana amekula, na aweza kukosa sahani yake. Kifaransa kiko upande wa Kiingereza hapa: "non, je n'ai pas mangé", na kama amekula husema "si", neno ambalo Kiingereza hakina na ambalo nafasi yake huchukuliwa na "yes". Hapa mwalimu amwambie mwanafunzi aweke Kiswahili kando na ashike Kifaransa.

"A" mbele ya jina la kitu kimoja kinachohesabika inaingia hapa pia. Aliyezoea "un livre" hapati shida kubwa na "a book". Kwa hiyo swali la vineno linakatika vipande viwili: kwa kitu kimoja kisichotajwa kabla, Kifaransa ni rafiki, kwa mambo ya jumla kama maisha, upendo na maumbile, Kifaransa ni mpotoshaji, na ukimya wa Kiswahili, kisemacho "maisha ni magumu" bila nyongeza yoyote, uko karibu zaidi na "life is hard".

4.3. Pale lugha zote mbili zinapopotosha

Makosa ya kundi hili ni magumu kung'oka, kwa sababu kila lugha inatia nguvu kosa la mwenzake. Mfano ulio wazi ni "his" na "her". Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika "yake". Kifaransa hutenganisha, lakini kwa kufuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa: "sa mère" ni mama yake, awe mwenyewe ni mume au mke. Kiingereza hufuata mmiliki. Anayeandika "Paul loves her mother", akimkusudia mama wa Paul mwenyewe, aweza kuwa amefika hapo kwa njia mbili tofauti. Kumwambia kwamba "Kiswahili hakina jinsia" ni kumpa nusu ya sababu. Huenda aliyemponza ni "sa".

Mfano wa pili ni muda unaoendelea. "Ninafanya kazi hapa tangu mwaka 2019" na "je travaille ici depuis 2019" zote zina kitenzi cha wakati uliopo. Kiingereza kinataka "I have been working here since 2019". Hapo hakuna lugha ya kukimbilia. Lazima umbo lijifunzwe kama lilivyo. Kiswahili fasaha kinasaidia katika jambo moja dogo tu: hutenga "tangu mwaka fulani" na "kwa muda wa miaka mitatu", sawasawa na "since" na "for", hali Kifaransa hutumia "depuis" kwa yote mawili.

4.4. Pale Kiingereza chenyewe ndicho chenye lawama

Yako maswali ambayo si Kiswahili wala Kifaransa kinachohusika. Ile "-s" ya "he works" husahauliwa na watu wa lugha nyingi. Haiwezi kusemwa kwamba msemaji wa Kiswahili haijui alama ya nafsi, maana yeye huiweka katika kila kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Sababu iko katika Kiingereza, ambacho kimeziacha alama zake za nafsi katika wakati uliopo, kikabakiza moja tu, tena mahali ambapo kiima kimekwisha kutajwa.

Ndivyo ilivyo kwa tahajia. Mtu aliyezoea irabu tano za Kiswahili, kila moja na herufi yake, huuliza kwa haki kwa nini "though", "through" na "tough" zinaandikwa karibu sawa na kutamkwa mbali mbali. Sababu kubwa ni ya kihistoria. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda hali matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado katika mabadiliko makubwa. Maandishi yalibaki, matamshi yaliendelea. Jibu la namna hii halimfundishi mtu kutamka, lakini linamwondolea dhana kwamba akili yake ndiyo yenye kasoro.

5. Barua ya maombi

Msomaji aweza kuuliza kama hayo yote si starehe ya wanaisimu. Jibu liko katika barua. Mwanafunzi wa Kongo anayetafuta nafasi ya kusoma nje, au anayetaka makala yake yapokelewe na jarida la nchi jirani, huandika kwa Kiingereza, na mara nyingi barua hiyo ndiyo kitu pekee kinachojulikana juu yake. Akifikiri kwa Kifaransa, "je demande une bourse" itakuwa "I demand a scholarship". Alikusudia kuomba, amedai. Msomaji wa upande wa pili hataona kosa la lugha. Ataona mtu asiye na adabu, na makosa ya adabu hayasahihishwi kwa kalamu nyekundu. Hujibiwa kwa kimya.

Kiswahili kingemwokoa mwandishi huyo. Kina "uliza", kina "omba", kina "dai", na hakuna mtoto aliyelelewa vyema anayemwambia mkubwa "ninadai" akitaka "ninaomba". "Ask" inachukua nafasi ya "uliza" na "omba". "Demand" ni "dai". Kama angepitisha sentensi yake katika Kiswahili kabla ya kuituma, angesikia mwenyewe ukali wake.

Msamiati wa chuo una mitego mingine ya namna hii. "Library" ni maktaba, na "librairie" ni duka la vitabu. "Lecture" kwa Kiingereza ni mhadhara, kwa Kifaransa ni usomaji. "To assist" ni kusaidia, na "assister à" ni kuhudhuria. Anayeandika kwamba "assisted" mkutano wa wataalamu anajipa kazi ambayo hakuifanya. "Actually" ni kwa kweli, na "actuellement" ni kwa sasa. "Eventually" ni hatimaye, na "éventuellement" ni pengine. Katika kila jozi hii, maneno ya Kifaransa na Kiingereza yanafanana uso, na Kiswahili kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Kutofanana huko ndiko kinga.

Mahitaji haya hayapungui. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia SADC mwaka 1997 na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lubumbashi inapakana kibiashara na Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Bunia inaitazama Uganda. Goma na Bukavu zinaitazama Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua kufundisha shuleni kwa Kiingereza. Katika mipaka hiyo Kiswahili na Kiingereza vinakutana kila siku bila kumsubiri Kifaransa awatambulishe.

6. Pingamizi: Kiswahili kipi?

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani. Funguo zilizotajwa hapo juu ni za Kiswahili sanifu, na wanafunzi wengi wa Lubumbashi hukulia katika Kiswahili cha mjini, ambacho kina njia zake. Mahali pa "nilipewa", mara nyingi utasikia "balinipa". Mahali pa "amekwenda", utasikia "alisha kwenda". Je, ufunguo haukupotea?

Haukupotea, umebadilika sura. "Alisha kwenda" nayo inaonyesha kwamba jambo limekwisha kutimia likitazamwa kutoka sasa, na mwalimu aweza kuanzia hapo. Kwa "balinipa" kazi ni ndefu zaidi, kwa sababu umbo hilo liko karibu na "on m'a donné" kuliko "I was given". Hapo itabidi mwanafunzi apitishwe kwanza katika Kiswahili sanifu. Lakini hilo si hasara. Mwanafunzi anayegundua kwamba kauli ya kutendwa ya Kiswahili sanifu inamfungulia Kiingereza amepata sababu mpya ya kuisoma, mbali na ile ya kufaulu mtihani.

Pingamizi la pili ni kwamba si wote wenye Kiswahili kama lugha ya kwanza. Wako wenye Kisanga, Kiluba, Kibemba na nyingine nyingi. Ni kweli, na ndiyo sababu makundi manne hayapaswi kugeuzwa kuwa orodha ya kukariri. Ni namna ya kuuliza. Mwalimu anayezoea kuuliza ni lugha ipi inamwongoza mwanafunzi katika jambo hili atauliza hivyo hivyo kwa Kisanga.

7. Hitimisho

Murphy anafaa kwa mazoezi, na hakuna sababu ya kumwondoa darasani. Swan anafaa kwa mwalimu, na kwa mwanafunzi wa miaka ya mwisho anayeweza kuvumilia jibu lisilo kamili. Learner English kinafaa kwa jambo kubwa zaidi: kinamfundisha mwalimu kwamba kosa lina asili. Upungufu wake, kwa upande wa Kongo, ni kudhani kwamba asili hiyo ni moja.

Upungufu huo hauwezi kulaumiwa kwa wahariri wa Cambridge peke yao. Sura juu ya mwanafunzi wa Kongo, mwenye Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja, haiwezi kuandikwa vizuri na mtu asiyekaa na daftari zake. Wanaokaa nazo ni walimu wa hapa. Daftari hizo husahihishwa, hupewa alama, kisha hutupwa. Na pamoja nazo hutupwa ushahidi ambao Corder alisema una maana. Idara ya Kiingereza na ile ya Kiswahili, ambazo mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu, zingeweza kuanza na jambo dogo: kuyaandika maswali ya wanafunzi kwa mwaka mmoja, kama yalivyoulizwa, na kando ya kila swali kuandika sentensi ya Kiswahili inayolijibu, ama neno moja la ukweli kwamba Kiswahili hakina jibu. Orodha hiyo ikifika kurasa ishirini, itakuwa sura ambayo vitabu vitatu hivi havina.